Ada Mbili: Mwanafunzi Mtu Mzima, Msiba na Mtihani Mpakani Busia

Makala haya yanawahusu wenzetu wanaorudi darasani wakiwa tayari wana ndoa, watoto, wazazi waliozeeka na kazi ya kufundisha. Tumechagua kuwatazama walio katika eneo la mpaka wa Uganda na Kenya, kuanzia Masinya na mji wa Busia hadi Tororo na Malaba. Wengi wao ni walimu wa Kiswahili, au wanataka kuwa.

Wingi wao una sababu. Sera ya Taifa ya Walimu ya Uganda ya mwaka 2019 ilitaka shahada iwe sifa ya chini ya mwalimu. Kisha, Julai 2022, Baraza la Mawaziri la nchi hiyo likaidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Mwalimu mwenye cheti cha Gredi ya Tatu aliyekuwa ametulia kijijini kwake akajikuta anatafuta chuo. Vyuo vipo. Kyambogo, kilichopata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2003, kiko Kampala. Busitema, cha mwaka 2007, kiko jirani na kina kampasi Nagongera wilayani Tororo, ingawa hiyo inajulikana zaidi kwa walimu wa sayansi. Upande wa Kenya, Alupe kilipata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2022.

Kozi za walimu walio kazini kwa kawaida hufundishwa wakati wa likizo za shule, na hapo ndipo tatizo linapoanzia. Likizo ya mwalimu ndiyo likizo ya ukoo. Desemba ndio mwezi wa mahari, harusi na kumbukumbu za marehemu, jamaa wa Nairobi na Kampala wakiwa wamerudi nyumbani. Isitoshe, mihula ya Uganda na ya Kenya haiendi sambamba. Mwalimu wa Masinya anayesoma Kenya anaweza kuitwa chuoni wakati darasa lake mwenyewe bado linamsubiri.

Kiswahili kina neno moja linalobeba pande zote mbili za mvutano huu, nalo ni ada. Ada ni malipo anayodaiwa mwanafunzi na chuo. Ada pia ni mila, yaani mambo anayodaiwa mtu na watu wake. Mwanafunzi kijana hulipa ya kwanza, au hulipiwa. Mtu mzima hulipa zote mbili, mara nyingi kwa mshahara uleule na katika wiki ileile.

Tuchukue msiba. Mpaka uliochorwa na wakoloni uliwapita Wasamia na Wateso katikati, kwa hiyo ukoo mmoja una makaburi katika nchi mbili. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kifunguliwe rasmi Busia Februari 2018, kuvuka kumekuwa rahisi zaidi. Lakini wepesi wa njia una gharama yake: umbali haukubaliwi tena kuwa udhuru. Machi 2020, mpaka ulipofungwa kwa wasafiri huku malori ya mizigo yakiendelea kupita, hakuna aliyemlaumu mtu kwa kutovuka. Leo atalaumiwa.

Hata hivyo, mila zetu zina jambo ambalo kanuni za mitihani hazina, nalo ni uwakilishi. Matanga hukaliwa na watu wengi kwa zamu. Rambirambi huweza kutumwa, na tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na huduma kama hiyo ifike Uganda mwaka 2009, hufika kabla ya mtumaji. Ndugu huweza kukaa mahali pa ndugu. Katika chumba cha mtihani hakuna anayeweza kukaa mahali pako. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: sehemu ipi ya msiba huu inahitaji mwili wangu, na ipi inahitaji jina langu tu? Siku ya mazishi ya mtu wa karibu inahitaji mwili. Usiku wa kabla yake, na siku za baadaye hadi kuanua matanga, mara nyingi zinaweza kuwakilishwa, mradi mzee wa ukoo ameambiwa mapema, na ameambiwa kwa sauti. Ujumbe mfupi wa simu kwa mzee ni dharau hata ukiandikwa kwa Kiswahili sanifu.

Hapa tuseme wazi kwamba uwakilishi huu ni mwepesi zaidi kwa mwanamume. Mkamwana anatarajiwa jikoni tangu alfajiri, na kutokuwepo kwake huonekana kuliko kutokuwepo kwa mumewe. Anayefaa kulieleza jambo hilo kwa wakwe ni mume, tena kabla msiba haujatokea, siku ile ile mke anapojiandikisha chuoni.

Ugonjwa wa muda mrefu ni jambo jingine kabisa. Msiba una siku ya mwisho, kuuguza hakuna. Katika hospitali zetu nyingi jamaa ndiye anayepika, anayefua na anayekwenda kutafuta dawa nje. Ndiyo maana ni lazima kutofautisha kuahirisha mtihani, kuahirisha masomo na kuacha masomo. Anayefiwa huhitaji la kwanza: mtihani mmoja au miwili isogezwe mbele. Anayeuguza mzazi aliyepooza huhitaji la pili: muhula mzima, hata mwaka, kwa ruhusa. Wengi hufanya kinyume. Aliyefiwa hukata tamaa na kupotea mwaka mzima, na anayeuguza hujikokota hadi mitihani yote ikamshinda. Anayeondoka bila neno huandikwa kuwa ameacha, na ada aliyokwisha kulipa huwa vigumu kuidai.

Njia ya kupata mojawapo ya hayo mawili ya kwanza ni barua, na sisi watu wa lugha tunapaswa kuaibika kidogo kwamba barua hii huandikwa vibaya. Sentensi ya kawaida ni “Nina matatizo ya kifamilia.” Mwandishi anasitiri nyumba yake, na huo ni uungwana. Lakini msajili hawezi kuamua lolote kwa sentensi hiyo. Linganisha na hii: “Mama yangu mdogo, aliyenilea tangu nikiwa na miaka minne, alifariki dunia tarehe 3 Agosti. Mazishi ni tarehe 8 Agosti, siku ya mtihani wa Fonolojia. Naomba kuufanya mtihani huo pamoja na mitihani maalumu.” Hakuna siri iliyotoka, na msajili ana tarehe, mtihani na ombi.

Maneno ya udugu nayo yanahitaji uangalifu. Kwetu mama mdogo ni mama na baba mkubwa ni baba. Fomu nyingi za vyuo ni za Kiingereza, na mama mdogo akiingia humo hutoka akiwa jamaa wa mbali. Maneno “aliyenilea” au “niliyekuwa nikimtunza” hurudisha uzito uliopotea.

Viambatisho navyo hutofautiana. Upande wa Uganda barua ya uthibitisho hutoka kwa mwenyekiti wa LC1. Upande wa Kenya hutoka kwa chifu au naibu wake, pamoja na kibali cha mazishi. Karani wa chuo cha Kenya huenda hajawahi kuona mhuri wa LC1, kwa hiyo mstari mmoja wa kueleza kwamba huo ndio uongozi wa kijiji utaokoa siku kadhaa. Kwa ugonjwa, barua ya daktari inaweza kusema tu kwamba mgonjwa anahitaji mtu wa kumtunza, bila kuutaja ugonjwa.

Walimu wanaofundisha barua rasmi wanaweza kuiweka hii mahali pa ile barua ya kuomba kazi ya ukarani ambayo imezoeleka mno. Wawakumbushe wanafunzi kupeleka nakala mbili ofisini na kurudi na moja iliyopigwa mhuri wenye tarehe ya kupokelewa.