Spika Akishakaa Ni wa Wote
Hapa Nambambo, wilayani Nachingwea, majirani wakigombania mpaka wa shamba la mikorosho, la kwanza ni kumpata mzee atakayewasikiliza wote. Bunge nalo ni vivyo hivyo.

Tarehe 15 Januari 2008, Bunge la Kenya lilikutana mjini Nairobi, na huku nje damu ikimwagika kwa ajili ya matokeo ya uchaguzi wa Desemba 2007. Hata namna ya kupiga kura ilizusha ubishi: iwe ya siri au ya wazi? Mara mbili kura zilihesabiwa, asipatikane aliyefikia theluthi mbili. Mara ya tatu, ambapo wingi tu ulitosha, Kenneth Marende wa upande wa ODM alipata 105, na Francis ole Kaparo, aliyekuwa Spika, 101. Marende akakiacha kiti chake cha ubunge wa Emuhaya.

Mwezi Aprili 2009, Rais Kibaki na Waziri Mkuu Odinga walivutana juu ya kiongozi wa shughuli za Serikali bungeni. Marende hakumpa ushindi yeyote. Aliamua kuiongoza mwenyewe kwa muda kamati ya shughuli za Bunge.

Mwamuzi huchaguliwa na walio wengi, walakini akishakaa hana budi kuwa wa wote.