Je, Wajua? Besi Unaijua, Mpigaji Humjui

Je, wajua aliyepiga besi katika "Sina Makosa"? Ni Tom Malanga, mmoja wa waliojitoa Simba Wanyika mwaka 1978 wakaunda Les Wanyika jijini Nairobi. Panda matatu ya Meru kwenda Isiolo, ukae kiti cha nyuma penye spika, na wimbo huo ukipigwa usikilize vizuri: besi haijazi kila pengo. Inagonga noti chache, inanyamaza, gitaa la ridhimu linapita, kisha inarudi. Abiria wote wanaujua wimbo, lakini uliza jina la Malanga uone wangapi watajibu.

Angalau yeye alikuwa na bendi. Wapo wapiga besi wa kukodiwa, wanaoitwa studio, wanalipwa kazi ya siku hiyo na kwenda zao. Hata foki-roki, mseto wa nyimbo za kiasili na roki, ilipata umaarufu kwa mikono yao. Mwaka 1965 bendi ya The Byrds ilitoa "Mr. Tambourine Man", ukashika nafasi ya kwanza Marekani na Uingereza. Mpiga besi wa bendi alikuwa Chris Hillman, ila besi unayoisikia humo ni ya Larry Knechtel, mtu wa kukodiwa. Katika kundi zima, aliyeruhusiwa kupiga chombo ni Roger McGuinn peke yake! Knechtel huyohuyo ndiye aliyepiga piano ya "Bridge over Troubled Water", wimbo uliotoka mwaka 1970.

Mjanja wao alikuwa Mwingereza Herbie Flowers. Mwaka 1972, katika "Walk on the Wild Side" ya Lou Reed, alipiga besi mbili, ile kubwa ya kusimama na ile ya umeme, moja juu ya nyingine. Kila chombo kilikuwa na malipo yake, kwa hiyo malipo yakawa maradufu. Wimbo bado unapigwa redioni hadi leo.

Na Isiolo? Morani wa Kisamburu hawahitaji gitaa: mmoja anaongoza, wenzake wanangurumisha koo kwa kila pumzi, na hiyo ndiyo besi. Kwenye harusi za Waborana mjini, mara nyingi besi inatoka kwenye kinanda cha umeme, mkono wa kushoto ukicharaza au mashine ikijiendea. Mpiga besi, mpiga ngoma na mpiga solo ni mtu mmoja, na bahasha ni moja.