Tonge la Seli au Kiungo Kidogo? Modeli za Pande Tatu za Uvimbe wa Saratani na Uteuzi wa Istilahi

Makala hii inafafanua modeli za seli zenye umbo la pande tatu zinazotumika kuchunguza uvimbe wa saratani, na kuhoji namna tunavyozitaja kwa Kiswahili.

Tangu seli za Henrietta Lacks zilipokuzwa Baltimore, Marekani, mwaka 1951, maabara nyingi zimezoea kukuza seli za saratani juu ya sakafu bapa ya chombo. Hapo kila seli hupata oksijeni na dawa kwa kiwango kinachokaribiana. Mwilini mambo ni tofauti. Oksijeni hupenya takriban mikromita 100 hadi 200 tu kutoka kwenye mshipa wa damu. Seli zilizo mbali zaidi huacha kugawanyika au hufa. Dawa inayolenga seli zinazogawanyika huzikosa zile zilizolala. Tonge la seli lenye kipenyo cha takriban mikromita 500 huiga hali hiyo: hai nje, mfu katikati.

Mazingira nayo yana uzito. Mwaka 1992 Ole Petersen, Mina Bissell na wenzao walionyesha kwamba seli za kawaida za titi zikiwekwa ndani ya jeli ya protini hujipanga kuwa vifuko, ilhali za saratani hukua kiholela. Mwaka 1997 kundi la Bissell liliziba integrini moja kwenye seli za saratani, nazo zikarudia mpangilio wa vifuko, ingawa jeni zake zenye kasoro hazikurekebishwa.

Sasa istilahi. Tafsiri sisisi ya "utamaduni wa seli" haina maana yoyote. "Ukuzaji wa seli" yatosha. Kwa oganoidi, zinazoweza kukuzwa kutokana na uvimbe wa mgonjwa mwenyewe, wapo watakaopendelea "kiungo kidogo". Napinga. Oganoidi kwa kawaida haina mishipa ya damu. Mgonjwa wa Kigali au Bujumbura, ambaye huenda Kiswahili ni lugha yake ya pili au ya tatu, akikuta "kiungo" katika fomu ya ridhaa, aweza kudhani anakuziwa kiungo cha kupandikizwa. Atakuwa ameridhia jambo lisilokuwapo. Heri tuandike "oganoidi", kisha tufafanue: kipande cha uvimbe wako kitakuzwa maabara ili kujaribia dawa, na hakitarudishwa mwilini mwako. Fomu hiyo ieleze pia seli zitahifadhiwa wapi na nani ataruhusiwa kuzitumia. Lacks hakuulizwa.