Mashahidi Kumi Hawakupi Parseli

Swali ninaloulizwa mimi mwanasheria ni lile lile, lije kwa simu kutoka Dubai au kwa mdomo nje ya kanisa baada ya misa: “Metre, hunijulishi komisioneri mmoja wa kweli anipatie parseli nzuri hapa Butembo?” Tangu serikali ya jimbo la Kivu Kaskazini ihamie Beni, baada ya Goma kuanguka Januari 2025, swali hilo limezaa la pili: “Na kule Beni, nimpate nani tushirikiane kujenga nyumba za kupangisha?”

Parseli, yaani viwanja, hazijaadimika. Mauaji yaliyoanza Oktoba 2014 yamewakimbiza watu wa vijiji vya Beni miaka yote hii, na vita vilipofika Kanyabayonga na kusini mwa Lubero mwaka 2024, wengine wakapanda huku. Anayekimbia huuza, anayefika hutafuta. Komisioneri, yaani dalali, yuko kila kona, ana kilima cha kukuonyesha, ana na hadithi ya barabara ya Kasindi–Beni–Butembo itakayopandisha bei. Aliyeadimika ni muuzaji mwenye haki ya kuuza. Hilo komisioneri hatakuambia, maana yeye hulipwa siku mnapokubaliana bei, si siku unapopata hati.

“Lakini Metre, karatasi tunayo.”

Hapa ndipo subira huniishia. Karatasi yenyewe naijua kabla haijakunjuliwa: ukurasa wa daftari, saini ya muuzaji, saini ya mnunuzi, mhuri wa chefu wa kartiye, majina ya mashahidi kumi. Siku hizi kuna na video ya dola zikihesabiwa mezani. Watu wamesoma, wana maduka, wanaleta makontena kutoka Guangzhou na kukagua kila katoni, halafu wanaweka maelfu ya dola juu ya karatasi hiyo na kulala usingizi.

Karatasi hiyo inathibitisha kwamba fulani alimpa fulani pesa, basi. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973, kifungu cha 53, inasema ardhi ni mali ya Serikali peke yake. Haiuziki, wala hupati umiliki wake kwa kukaa juu yake muda mrefu. Mtu hupewa haki ya kuitumia, na kifungu cha 219 kinaeleza haki hiyo inathibitishwa na nini: sertifika ya uandikishaji inayotolewa na konsevateri, afisa wa Serikali anayetunza vitabu vya ardhi. Chefu wa kartiye ni mtu wa utawala wa mji. Anajua nani anaishi wapi, na kazi hiyo ina maana, lakini hana ardhi ya kumgawia mtu. Mhuri wake unasema aliwaona mkiandikiana.

Sasa tazama linavyokwenda. Muuzaji anakuuzia Machi mbele ya mashahidi wako kumi. Juni anamuuzia mwingine, ambaye hatafuti shahidi hata mmoja. Anakwenda naye kwa konsevateri, sertifika ya zamani inafutwa, mpya inatoka kwa jina la mnunuzi huyo. Mbele ya sheria parseli ni ya huyo wa pili. Mashahidi wako watakusaidia kumdai muuzaji akurudishie pesa, naye muuzaji yuko Kampala. Ungeleta mashahidi ishirini, ungemdai kwa ushahidi mzito zaidi, na parseli ingebaki kwa mwenzako.

Halafu huja dawa nyingine za kienyeji. “Jenga ukuta haraka.” Ukuta unathibitisha kwamba ulikuwa na saruji. “Babu alipanda mikaratusi hapa, na mbuzi ya muhako ilitolewa.” Desturi hiyo ya kumpa chifu wa ardhi mbuzi naiheshimu, na yaweza kumsaidia mwenye shamba anapogombana na jirani kijijini. Sheria ya 1973 yenyewe iliahidi agizo la Rais la kupanga haki za wenyeji, agizo lililosubiriwa miongo na miongo. Lakini wewe mfanyabiashara wa mjini hununui mikaratusi ya babu ya mtu. Na ukielekezwa Mayangose, pembeni mwa Beni, ambako mipaka ya Hifadhi ya Virunga inagombaniwa, rudisha pesa mfukoni. Hakuna mhuri wa kartiye utakaomaliza ugomvi huo.

La kufanya ni fupi. Omba nakala ya sertifika, uipeleke mwenyewe kwa konsevateri akuonyeshe kitabu chake. Usikubali kuletewa picha yake tu na komisioneri. Ukionyeshwa kontra ya kupanga kwa Serikali, jua ni hatua ya mwanzo, haizidi miaka 3, haijawa sertifika. Mtu wa kadastri apime, mipaka ionekane, majirani wawepo. Ulizia mahakamani kama kuna kesi. Mke wa muuzaji, au mume, aweke saini: Kanuni ya Familia inadai makubaliano ya wote wawili, hata kama kila mmoja ana mali yake. Lipa kwa benki, na sehemu kubwa ibaki hadi jina lako litoke. Muuzaji akigoma kufuatana nawe ofisini, mwagane hapo hapo.

Kuhusu mwenza: ndugu, shemeji au mwenzako wa kwaya, mtaandikiana kabla dola ya kwanza haijatoka, na majina yote mawili yataingia kwenye sertifika. Mkipenda kampuni, sheria za OHADA, ambazo Kongo inazifuata tangu 2012, zinawaruhusu kufungua SARL. Ila haki ya kudumu juu ya ardhi hupewa mtu mwenyewe, Mkongomani. Kampuni itapata haki ya kawaida, miaka 25, ikifanywa upya. Yaya, ndugu yenu mkubwa aliye Ubelgiji, atume mamlaka maalumu ya notari, yenye kutaja parseli na bei, asikupe mamlaka ya jumla. Na kabla hamjaandika jina lake, muulize kama amekwisha kuchukua uraia wa huko. Sheria ya Novemba 2004 haikubali uraia wa Kongo pamoja na mwingine, kwa hiyo mwenye pasipoti ya Ubelgiji hawezi kushika haki ya kudumu, hata kama pesa zote ni zake.