Uzito Ukipungua, Homoni Huurudisha

Mtu mnene kupita kiasi huambiwa neno moja tu: "Punguza kula." Anajinyima, anapungua kilo 15, ndugu wanampongeza. Baada ya mwaka mmoja kilo zimerudi, na wale wale waliompongeza wanasema hana msimamo. Sisi tulioko ughaibuni tunayajua maneno hayo, maana tukienda likizo tunapokewa nayo uwanja wa ndege.

Sayansi inasema vingine. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waligundua leptini, homoni inayotengenezwa na mafuta ya mwili kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Mwaka 1999 wanasayansi wa Japani, Kojima na Kangawa, wakagundua grelini, itokayo tumboni na kuamsha njaa. Mtu angedhani mnene, mwenye leptini tele, hasikii njaa. Sivyo. Ubongo wake umezoea ile sauti, hauisikilizi tena.

Mwaka 2011 watafiti wa Australia walichapisha habari za watu 50 wanene waliopewa chakula kidogo mno kwa wiki 10. Walipungua wastani wa kilo 13.5. Walipopimwa mwaka mmoja baada ya kupungua, leptini ilikuwa bado chini, grelini bado juu, na njaa kali kuliko kabla hawajaanza. Mwili haujui kuwa mwenyewe yuko kwenye dayati. Unadhani njaa imeingia nchini.

Na moyo je? Unene mkubwa, yaani takriban kilo 116 kwa mtu wa urefu wa mita 1.70, hupandisha shinikizo la damu, hudhoofisha kazi ya insulini, huharibu mafuta ya damu na hukatisha pumzi usingizini. Vyote hivyo humwangukia moyo.

Hapo ndipo zilipoingia dawa zinazoiga homoni ya utumbo iitwayo GLP-1, inayoleta shibe. Utafiti uliotangazwa Novemba 2023 uliwafuatilia watu 17,604 katika nchi 41, wote wanene au wenye uzito uliozidi, wenye maradhi ya moyo na mishipa, wasio na kisukari. Waliodungwa semaglutide kila wiki walipata vifo vya moyo, mshtuko wa moyo na kiharusi kwa asilimia 20 pungufu kuliko waliodungwa sindano isiyo na dawa. Tofauti ilianza kujitokeza hata kabla uzito haujapungua sana.

Tusishangilie mno. Dawa hiyo ilipoingia sokoni Marekani mwaka 2021 kwa ajili ya kupunguza uzito, bei iliyotangazwa ilizidi dola 1,300 kwa mwezi. Katika utafiti mwingine, walioiacha walirudisha thuluthi mbili ya uzito waliopoteza ndani ya mwaka mmoja. Ni kama dawa ya presha: haitumiwi mwezi mmoja ikawekwa kando.

Kwa hiyo msomaji anayewaza kumtia mama yake kalamu mbili begini akienda nyumbani, asubiri kwanza. Dozi huanza miligramu 0.25 na kupandishwa polepole kwa wiki 16, kichefuchefu na kuhara ni kawaida, na kalamu ambazo hazijaanza kutumika huhifadhiwa kwenye friji. Amuulize kwanza mama: daktari wako ni nani, na mara ya mwisho presha yako ilipimwa lini?