Kolwezi: Kabla ya Kununua Bati, Fungua Njia ya Maji

Septemba inapofika Kolwezi, mapaa ya komuni za Manika na Dilala yamebeba vumbi la kiangazi kizima, na kila aliyevujiwa msimu uliopita anaulizia bei ya bati. Angepaswa kuuliza kwanza maji yalikwama wapi. Mvua za jimbo la Lualaba, zinazoanza Oktoba na kuendelea hadi Aprili, hutoa zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Milimita moja juu ya meta moja ya mraba ni lita moja ya maji; kwa hiyo paa dogo la meta 8 kwa 6 hupokea zaidi ya lita 48,000 kila msimu, na mvua moja kubwa ya milimita 50 hulimwagia lita 2,400 kwa alasiri moja. Bati lenye mteremko mzuri na njia iliyo wazi huyapitisha maji hayo kwa miaka mingi. Linaloshindwa ni lile ambalo maji yake yamezuiwa.

Wakaaji wa nchi za baridi kali wanayajua mambo haya kwa sura nyingine. Huko Kanada, joto la nyumba hupanda na kuyeyusha theluji iliyolala juu ya paa. Maji yake huteremka hadi ukingoni, kusiko na joto chini, yakaganda tena na kujenga ukuta wa barafu. Yanayofuata hukosa pa kwenda, yakarudi nyuma, yakapenya chini ya vigae na kuingia darini, ingawa vigae vyenyewe ni vizima. Ndiyo maana fundi wa huko haanzi kwa kubadili paa: huzuia joto la ndani lisilifikie, na kuacha hewa ya nje ipite chini yake. Kolwezi haina theluji, lakini ina vizuizi vyake: mawe, matairi na vipande vya mbao vinavyowekwa juu ya bati ili upepo usilibebe.

Jiwe moja linatosha kuonyesha. Upande wake wa juu hukusanya vumbi na majani ya mwembe, na udongo huo hubaki na unyevu hata baada ya bati lote kukauka. Zinki inayokinga chuma huisha hapo kwanza, kutu hufuata, na tundu hutokea mahali ambapo hakuna macho yanayofika. Mvua ikizidi, maji yaliyozuiwa hujaa kati ya mikunjo, yakaingia kwenye maungio ya bati na bati, au kwenye msumari uliopigwa bondeni badala ya mgongoni mwa mkunjo. Kisha hufuata mbao za paa na kudondoka mbali na yalipoingilia. Mwenye nyumba hubadilisha bati lililo juu ya doa, naye huvujiwa tena.

Wapo watakaosema kwamba kosa ni la migodi. Hoja hiyo ina uzito: vumbi la barabara za malori ni jingi, moshi wenye salfa huharakisha kuliwa kwa zinki, na mitetemo ya baruti huweza kulegeza kilichofungwa vibaya. Wanaosababisha madhara hayo wana wajibu wa kuyazuia. Lakini vumbi na asidi ya moshi huo hula zaidi pale vinapokaa na unyevu, kwa hiyo paa linalokauka upesi hupata hasara ndogo kuliko linalotuamisha maji. Vilevile si kila tone ni la mvua. Likidondoka usiku wa baridi wa Julai, ni mvuke wa pumzi na wa vyungu uliokutana na bati baridi. Dawa yake ni kuacha tundu la hewa chini ya mgongo wa paa.

Hoja nyingine ni ya upepo: mawe yakitolewa, bati litaruka. Litaruka kweli, ikiwa kilichokuwa kikilishika ni mawe tu. Linalotakiwa ni kufunga mbao za paa na ukuta kwa waya wa chuma, na kuongeza misumari ya bati yenye kofia kwenye kingo, ambako upepo huvuta zaidi. Waya na misumari ni rahisi kuliko mabati mapya. Wengine huona mfereji wa paa ni wa kung'olewa kwa kuwa huziba. Lakini bila mfereji, maji huanguka mguuni mwa ukuta, na ukuta wa matofali mabichi huliwa kuanzia chini. Mfereji ufagiliwe na upewe mteremko wa nusu sentimita kwa kila meta. Mpangaji naye atasema nyumba si yake. Ni kweli, na gharama za waya na misumari ni za mwenye nyumba. Ila kufagia hakungoji ruhusa.

Kwa hiyo fedha ya Septemba ifuate mkondo wa maji: kwanza ufagio, kisha waya na misumari, kisha maungio na mfereji. Bati jipya liwe la mwisho, kwa lile lililotoboka kweli. Anayeanza na bati jipya bila kufunga paa atalirudishia mawe yale yale, na baada ya misimu michache atakuwa dukani tena.