Kusawazisha upya kompyuta ya injini: maana, utendaji na istilahi zake

Katika ufundi wa magari, kusawazisha upya kompyuta ya injini ni kuipa kompyuta hiyo maana mpya ya ishara ambayo tayari imezoea kuipokea. Kifaa kinachopima hewa iingiayo kwenye injini kinapobadilishwa, volti zilezile huanza kuwakilisha kiasi kingine cha hewa. Kompyuta haina njia ya kulijua hilo. Itaendelea kusoma ishara mpya kwa jedwali la zamani, itakosea hesabu ya mafuta, na mwenye gari ataugundua ubishi huo wa namba pale pistoni itakapotoboka.

Mfasiri anayepewa mwongozo wa kazi hii hukutana na tatizo tangu kitenzi cha kwanza. Vitenzi vinne hugombania nafasi moja, na vyote ni Kiswahili safi. Kurekebisha ni kuondoa kasoro. Fundi hurekebisha breki zilizolegea. Kuhakiki ni kuthibitisha kwamba kipimo kinasema kweli bila lazima ya kukigusa, na hii ndiyo kazi ambayo wananchi wa Tanzania huiona ikifanywa na Wakala wa Vipimo kwenye mizani za sokoni na pampu za vituo vya mafuta. Kusanidi, neno lililoenea kupitia programu za kompyuta, ni kuchagua mipangilio. Kusawazisha, kutokana na sawa, ni kuvifanya vitu viwili vilingane, na katika upimaji vitu hivyo viwili ni kile kinachosomwa na kifaa na kile kilichopo kweli. Hiki cha nne ndicho kinachobeba dhana inayohusika hapa, ila kikiachwa peke yake hueleweka kama kulainisha ardhi au kupatanisha hesabu. Ni salama zaidi kuandika kusawazisha vipimo mara ya kwanza, kisha kufupisha. Wanaoandika kalibresheni hawakosei, lakini humwachia msomaji mzigo ambao kitenzi cha Kiswahili kingemtua.

Jina la kifaa chenyewe lina mtego mkubwa zaidi. Kipimahewa, neno linalojileta lenyewe kwa mfano wa kipimajoto, limekwisha kutumika kwa maana ya baromita, yaani chombo cha kupima kanieneo ya angahewa. Injini inaweza kuwa na vyote viwili, na mwongozo unaovichanganya haufai kitu. Kipima mtiririko wa hewa ni refu, lakini halina utata. Mafundi wengi husema sensa ya hewa. Katika mazungumzo ya gereji hakuna anayepotea, ila katika maandishi sensa humpeleka msomaji kwenye sensa ya watu na makazi, na mtafsiri wa mashine huenda huko bila kusita. Kihisi, kutokana na hisi, ni jina la jumla lililokubalika kwa kifaa chochote kinachotambua joto, mwanga, mwendo au hewa. Kwa hiyo: kila kipima mtiririko wa hewa ni kihisi, lakini si kila kihisi ni kipima.

Ili kuona kwa nini majina haya yana uzito, yafaa kufuata hewa yenyewe. Petroli huungua kikamilifu ikichanganywa na hewa kwa uwiano wa takriban 14.7 kwa 1, na uwiano huo ni wa tungamo, si wa ujazo: gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Kompyuta ikijua ni gramu ngapi za hewa zimepita kwa sekunde, itajua nozeli zifunguliwe kwa muda gani. Tofauti ya tungamo na ujazo si ya darasani tu. Lita moja ya hewa ya Mombasa ina gramu nyingi kuliko lita moja ya hewa ya Nairobi, mji ulioko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mfasiri akiandika “ujazo wa hewa” mahali ambapo asili inasema tungamo, amebadilisha fizikia ya sentensi.

Vipima vya awali havikuweza kusoma tungamo moja kwa moja. Katika mfumo wa L-Jetronic wa kampuni ya Bosch, uliotoka katika miaka ya 1970 na ambao herufi yake L inatokana na neno la Kijerumani Luft, yaani hewa, kibao chenye bawaba kilisukumwa na mkondo wa hewa dhidi ya springi, na pembe yake ikageuzwa kuwa volti. Joto la hewa lilipaswa kupimwa kando ili hesabu isahihishwe. Kizazi kilichofuata, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kilileta waya mwembamba wa platini unaopashwa umeme na kudumishwa katika halijoto iliyozidi ile ya hewa. Hewa inayopita huupoza waya, na kadiri tungamo la hewa linavyozidi, ndivyo mkondo mkubwa zaidi wa umeme unavyohitajika kuurudishia joto lake. Umeme huo ndio kipimo. (Hapa mkondo wa hewa na mkondo wa umeme hukutana katika aya moja; mwandishi mwangalifu hutumia mtiririko kwa hewa na kuuachia umeme neno mkondo.)

Waya huo hauoni bomba zima. Huhisi kasi ya hewa inayougusa, na kompyuta huamini kwamba kasi hiyo inawakilisha bomba lote. Ndiyo sababu ukubwa wa bomba ni sehemu ya kipimo. Kihisi kikitolewa kwenye bomba la kipenyo cha milimita 70 na kuwekwa kwenye la milimita 80, eneo la kupitia hewa huongezeka kwa mraba wa uwiano wa vipenyo: 80 gawanya kwa 70, mara yenyewe, ni takriban 1.31. Kwa kadirio hilo, volti zilezile sasa zinamaanisha hewa zaidi kwa asilimia 31. Kompyuta isipoambiwa, itatoa mafuta ya hewa ya zamani, na uwiano uliokuwa 14.7 utakaribia 19. Hesabu hii ni ya mwanzo tu, kwa kuwa namna hewa inavyojipanga ndani ya bomba jipya hailingani kamili na ile ya bomba la kwanza.

Mfano unaojulikana sana ni wa Nissan Silvia yenye injini ya SR20DET, ya lita 2 na yenye tabo. Wanaoongeza shindikizo la tabo hufikia mahali ambapo kipima cha asili kimefika kileleni: hewa inazidi kuongezeka lakini volti hazipandi tena. Wengi huchukua kipima kikubwa cha Nissan 300ZX ya umbo la Z32, gari lililotoka mwaka 1989. Kompyuta za Nissan za kipindi hicho huhifadhi jedwali la nafasi 64 linalogeuza volti kuwa mtiririko, pamoja na namba moja ya kuzidishia inayoitwa K. Mtiririko huzidishwa kwa K na kugawanywa kwa kasi ya mizunguko ya injini, na jibu ni muda wa msingi wa kufungua nozeli. Thamani za jedwali zimewekwa kwa uwiano tu, si kwa gramu halisi, hivyo jedwali jipya lisipoambatana na K yake halina maana. Kunakili jedwali pekee ni kama kunakili kamusi bila ufunguo wa vifupisho vyake.

Jibu hilo la hesabu lina kazi ya pili, na hapa ndipo injini nyingi huharibika. Kompyuta hulitumia kama kipimo cha mzigo wa injini, yaani hewa inayoingia kwa kila mzunguko, na kwa mzigo huo huchagua wakati wa plagi kutoa cheche. Mzigo ukiwa mdogo, cheche huwahishwa. Mzigo ukiwa mkubwa, hucheleweshwa, kwa kuwa mchanganyiko ulioshindiliwa sana huweza kujilipua wenyewe na injini ikaanza kugonga. Sasa achukuliwe fundi aliyeweka kipima cha bomba kubwa kwa asilimia 31 na, badala ya kugusa jedwali, akaweka nozeli zinazotoa mafuta zaidi kwa asilimia 31. Makosa mawili yanafutana. Uwiano wa hewa na mafuta unaonekana sahihi, na kipimo cha moshi kinathibitisha hivyo. Lakini kompyuta inaamini kwamba mzigo ni mdogo kuliko ulivyo, na inawahisha cheche kama kwamba gari linateremka mlima. Ndiyo maana nozeli zinapobadilishwa kihalali, mathalani kutoka zile za sentimita za ujazo 370 kwa dakika hadi 555, K hupunguzwa hadi thuluthi mbili, na mihimili ya mzigo katika majedwali ya mafuta na ya cheche hupunguzwa kwa kiwango hichohicho.

Neno mzigo lenyewe linahitaji tahadhari. Msomaji wa kawaida akisoma “mzigo ukizidi, chelewesha cheche” atafikiria magunia yaliyopakiwa nyuma. Mzigo wa injini, na kihusishi chake kisiachwe, ndilo umbo linalofaa: “Gari tupu linalopanda mlima laweza kuwa na mzigo mkubwa wa injini kuliko lori lililojaa linaloteremka.”

Kazi yenyewe huanza kabla ya kompyuta kuguswa. Mabomba yote baada ya kipima hukaguliwa yasivuje, kwa maana hewa inayoingia kwa ufa haikupimwa, na jedwali litakalosahihishwa juu ya ufa litakuwa limeandika ufa huo kama sheria. Kisha thamani za kipima kipya, zilizotolewa na mtengenezaji wake, huingizwa. Gari huwashwa na kuachwa lipate joto, halafu huendeshwa kwa mwendo wa kawaida huku masahihisho ya mafuta yakirekodiwa. Kihisi cha oksijeni kilichomo katika bomba la moshi huiambia kompyuta kama mafuta yamezidi au yamepungua, na kompyuta huongeza au kupunguza kwa asilimia fulani. Asilimia hizo ndizo ushahidi. Ikiwa katika volti 1.8 jedwali linasema gramu 12 kwa sekunde na kompyuta inalazimika kuongeza mafuta kwa asilimia 8, thamani sahihi ni 12 mara 1.08, yaani takriban gramu 13. Nafasi moja ikisahihishwa, jirani zake huangaliwa, kwa sababu waya wa platini hauna vilima na mabonde. Mchirizo wa thamani ukiwa na nundu, nundu hiyo imetoka kwenye kelele za upimaji au kwenye uvujaji uliosahaulika.

Njia hii haifai gari linapokanyagwa mafuta hadi mwisho. Hapo kompyuta huacha kumsikiliza msahihishaji wake na kufuata jedwali peke yake, tena kihisi cha kawaida cha oksijeni hakiwezi kupima kwa usahihi mchanganyiko uliozidi mafuta kwa mbali. Hutumika kihisi cha masafa mapana, na uwiano ulioagizwa na kompyuta hulinganishwa na ule uliopatikana, volti kwa volti, huku shindikizo likiongezwa polepole. Anayeanza na shindikizo la juu kabisa ili amalize mapema hununua pistoni mapema vilevile.

Katika magari yenye mfumo wa uchunguzi wa OBD-II, uliolazimishwa Marekani kuanzia magari ya mwaka 1996, masahihisho ya kuongeza mafuta yakipita kikomo taa ya onyo huwaka na msimbo P0171 huandikwa. Maelezo ya msimbo huo huwasumbua wafasiri. Kutafsiri sifa zake neno kwa neno huzaa mchanganyiko “mwembamba” na mchanganyiko “tajiri”, na tafsiri zote mbili zimepata kuonekana katika maandishi ya vifaa. La kwanza husomeka kama ugonjwa, la pili kama mzaha. Hafifu si baya, lakini halisemi kilichopungua ni nini. Mchanganyiko uliopungua mafuta na mchanganyiko uliozidi mafuta huyasema yote, na fundi aliyeko chini ya gari huyaelewa akisomewa kwa sauti. Izingatiwe pia kwamba mafuta hutumika kwa petroli na kwa mafuta ya kulainisha injini. Pale ambapo vyote viwili vimo katika ukurasa mmoja, petroli iandikwe kwa jina lake na cha pili kiitwe oili.

Kwa upande wa sarufi, tungamo huchukua la: tungamo la hewa. Waya, kwa kuwa ni wa ngeli ya u-/zi-, huwa mwembamba na nyaya zake nyembamba. Volti haibadiliki katika wingi, na upatanisho wake ni wa i-/zi-: volti moja imepotea, volti mbili zimepotea. Jedwali na wingi wake majedwali ni bora kuliko ramani, ambalo baadhi ya mafundi hulitumia kwa kufuata mazoea ya kigeni. Ramani humwonyesha mtu njia, ilhali kinachosomwa hapa ni safu na nguzo za namba. Mifano: “Kompyuta imesawazishwa upya baada ya kipima mtiririko wa hewa kubadilishwa.” “Usisahihishe jedwali kabla ya kuhakiki kwamba mabomba hayavuji.” “Vipima viwili vya aina moja huweza kutofautiana kidogo, hivyo jedwali la gari moja lisinakiliwe katika jingine bila kupimwa.”